Majina ya Wafaransa, mlango kwa mlango

Ukitaka kuwajua Wafaransa kwa majina yao ya ukoo, fanya kazi ya kusambaza vifurushi. Mimi niliifanyia Roubaix, mji wa kaskazini ulio karibu na mpaka wa Ubelgiji, mji wa viwanda vya nguo ambavyo vingi vilikwishafungwa kabla sijafika. Unapewa gari, skana ya mkononi na mzigo wa siku. Muda wa kuzungumza na watu huna, lakini majina unayasoma kutwa: kwenye lebo, kwenye kengele ya mlango, kwenye kisanduku cha barua. Yasipolingana, kifurushi kinarudi garini.

Mimi mwenyewe kwenye pasipoti ni Hamisi Juma Makame. Kwa mtu wa Unguja hakuna cha kueleza hapo: mimi Hamisi, baba Juma, babu Makame. Fomu ya Kifaransa lakini ina visanduku viwili tu, cha jina la mtu na cha jina la ukoo, na Makame akaangukia hicho cha pili. Basi huku mimi ni Bwana Makame. Babu yangu, mvuvi wa Nungwi aliyefariki bila kupanda ndege hata siku moja, ndiye anayepokea mshahara, anayelipa kodi na anayetafutwa na benki. Nadhani ndiyo maana nilianza kuyachungulia majina ya wenzangu. Nilitaka kujua wao wanambeba nani.

Kulikuwa na jengo moja la ghorofa nne karibu na mfereji, halina lifti, nililolijua kwa magoti. Kwenye ubao wa kengele walikaa pamoja Lefebvre, Desmet, Kowalski na Haddad. Lefebvre wa ghorofa ya kwanza alikuwa mzee mstaafu wa ualimu, na kwa kuwa hakuwa na haraka yoyote duniani, alikuwa ananishika mlangoni. Siku moja akanionyesha ule ubao kwa fimbo yake, akasema: unaona hawa wanne? Wote ni wahunzi.

Na kweli. Lefebvre linatokana na neno la kale la Kifaransa la mfua chuma, lililotoka kwenye Kilatini *faber*. Ile b ya katikati haitamkwi wala haikuwa na kazi. Makarani wa zamani waliirudisha ili kuonyesha kwamba wao Kilatini wanakijua. Kuna Lefèvre wasio na b, na huko kusini mhunzi huyohuyo ni Fabre au Faure. Desmet ni Kiflemi, lugha ya upande wa pili wa mpaka: *de smet*, yule mhunzi. Kowalski ni wa Poland, ambako *kowal* ni mhunzi; Wapolandi waliletwa kwa wingi kaskazini ya Ufaransa kuchimba makaa ya mawe baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, kwa mkataba wa 1919 kati ya nchi hizo mbili. Haddad sikuhitaji kufundishwa. Mwenye Kiswahili cha wazee anaijua hadidi kuwa ni chuma.

Nilimuuliza mzee kwa nini wahunzi wamejaa hivi na wakulima hakuna, wakati zamani karibu kila mtu alikuwa mkulima. Akaniambia jibu ninalo mwenyewe kwenye swali. Jina la ukoo lilianza kama alama ya kumtofautisha mtu. Tangu karne ya 11 hivi watu waliongezeka vijijini, na majina ya ubatizo yalikuwa machache; kijiji kizima Jean, Pierre, Guillaume, na Jean tena. Basi Jean mmoja anakuwa wa darajani, Dupont. Mwingine wa msituni, Dubois. Wa tatu mfupi, Petit. Wa nne anafua chuma. Ukimwita mtu Jean Mkulima hujamtenga na yeyote, kwa sababu wote wanalima. Mhunzi kijijini alikuwa mmoja. Ndivyo pia alivyokuwa msaga nafaka mwenye kinu, Meunier. Mwenye tanuri la mikate, Fournier. Na seremala, Charpentier, ambaye kule kaskazini anaandikwa Carpentier kwa sababu wao walitamka k pale ambapo Paris walisema sh.

Kwa ufunguo huo nikaanza kufungua mengine peke yangu, nikiwa kwenye foleni za magari. Langlois ni Mwingereza, Lallemand ni Mjerumani, Lebreton ni mtu wa Bretagne, mkoa wa magharibi, Picard ni mtu wa Picardie. Lakini jina la namna hii mtu halipati kwao. Bretagne kwenyewe, nani atakuita Mbretoni? Unalipata ukishahama, unapokuwa wewe peke yako mtaani uliyetoka huko. Unguja tunawajua watu walioitwa Mngazija au Mmanyema kwa namna hiyohiyo: Ngazija hakukuwa na Mngazija, kulikuwa na fulani bin fulani. Kwa hiyo ukikutana na Langlois, unachojua ni kwamba pahala fulani aliwahi kuja mtu aliyeonekana mgeni, labda Mwingereza kweli, labda mtu aliyekaa Uingereza miaka michache akarudi na lafudhi.

Hapo ndipo wengi wanapopotea, Wafaransa wenyewe kwanza. Mwenzangu kazini aliyeitwa Leroy aliamini kwa dhati kwamba ukoo wao una damu ya kifalme. Leroy ni mfalme, hilo halina ubishi, lakini mfalme hasa hakuhitaji jina la ukoo. Anayeitwa Mfalme kijijini ni yule aliyeshinda mashindano ya kulenga shabaha akavikwa taji kwa mwaka ule, au aliyeigiza mfalme kwenye michezo ya sikukuu, au mtumishi wa mfalme, au mtu wa majivuno tu. Lévêque, Askofu, hali kadhalika. Na hiyo *de* ambayo watu huiona ni cheo cha ukabaila, mara nyingi inasema tu mtu ametoka wapi. Tena kaskazini ni mtego mwingine kabisa, maana *de* ya Kiflemi si "wa", ni "yule". Desmet hakutoka mahali panapoitwa Smet.

Jina la kwanza kwa wingi nchi nzima ni Martin, nalo halielezi kazi wala mahali. Ni jina la ubatizo lililoganda. Mtakatifu Martin wa Tours, yule askari wa Kirumi anayesimuliwa kukata joho lake vipande viwili ampe maskini, alifariki mwaka 397, na makanisa yaliyopewa jina lake yametapakaa Ufaransa yote. Bernard, Thomas, Robert, Richard na wenzao wa juu kwenye orodha ni wa aina hiyohiyo. Hawa kwa mtu wa pwani ndio wepesi kuwaelewa kuliko wote: ni majina ya baba. Mtoto wa Martin kaitwa Martin, kama mimi nilivyoitwa Juma. Tofauti ni kwamba kwetu mwanangu angeendelea kuwa wa Hamisi, na mjukuu wangu wa mwanangu, kila kizazi kinasukuma mbele jina moja na kuacha moja nyuma. Wao walisimama kwa mtu mmoja wa zama za kale na hawakusogea tena.

Aliyewasimamisha ni kalamu, na hili nililielewa vizuri nilipohamia Finistère, ncha ya magharibi ya Bretagne, nikiwa nimeoa. Mke wangu ni wa ukoo wa Le Bihan. Baba mkwe, baada ya kustaafu kwenye karakana za meli za Brest, alikuwa ameingiwa na ugonjwa unaowapata wazee wengi wa Kifaransa, wa kutafuta nasaba. Hifadhi za nyaraka za mikoa zimepiga picha vitabu vya kale na kuviweka kwenye intaneti bure. Mtu anakaa mezani kwake na kusoma ubatizo wa mwaka 1680. Alinikalisha pembeni yake jioni za baridi, mimi nashika kioo cha kukuzia kwa sababu macho yangu ni mazima zaidi, na tukawa tunapanda ngazi: mtoto, baba yake, baba wa baba.

Vitabu hivyo vina historia yake. Mwaka 1539, kwa amri iliyotiwa saini Villers-Cotterêts, mfalme François wa Kwanza aliwaagiza mapadri waandike ubatizo. Mwaka 1792, wakati wa Mapinduzi, kazi ikatolewa kanisani ikapewa ofisi za miji. Kisha tarehe 23 Agosti 1794 ikatoka sheria, ambayo Wafaransa huitaja kwa kalenda yao ya Mapinduzi kuwa ni ya tarehe 6 Fructidor mwaka wa II, kwamba hakuna raia atakayetumia jina lisilokuwa kwenye cheti chake cha kuzaliwa. Kabla ya hapo jina lilikuwa linatembea. Padri aliandika alivyosikia. Ukurasa mmoja ameandika Le Bihan, wa pili Bihan, wa tatu ameweka y. Naye anayeandikwa hana la kusema, maana chini ya ukurasa kuna maneno yaleyale kila mara: amesema hajui kutia saini.

Jambo lililonishughulisha zaidi ni hiyo *Le*. Kibretoni si Kifaransa, wala si ndugu yake wa karibu. Ni lugha ya Kikelti, jamaa wa Kiwelisi. Kwa Kibretoni mtu huyu aliitwa *ar Bihan*, yule mdogo. Karani akaona *ar* haina maana kwake, akaibadilisha kwa ya Kifaransa, na sehemu iliyobaki hakuielewa, akaiacha. Ndivyo majina mengi ya Bretagne yalivyo nusu kwa nusu: Le Bras, mkubwa, Le Guen, mweupe, Le Gall, yaani Mfaransa, mtu wa kuja, na Le Goff, ambaye ni nani? Mhunzi, kwa mara nyingine. Mzee Lefebvre wa Roubaix nilimpelekea kadi kumpa habari hiyo.

Tarehe 1 Novemba, Sikukuu ya Watakatifu Wote, familia nzima inakwenda makaburini. Mama mkwe ananikabidhi ndoo na brashi ngumu, yeye anabeba vyungu vya maua ya krisanthemu. Kaburi la familia ni bamba la matale ya kijivu, lina ukungu wa kijani unaong'ang'ania ndani ya herufi, kwa hiyo unalazimika kuzisugua moja moja, B, I, H, A, N, hadi zing'ae. Nikiwa nasugua nikagundua kwamba wanawake wote pale wameandikwa kwa majina ya baba zao. Bibi yake mke wangu, aliyeishi ndani ya nyumba ya Le Bihan maisha yake yote ya utu uzima, kwenye jiwe ni Quéméneur, mshonaji, kisha kwa herufi ndogo mke wa Le Bihan. Kumbe ile sheria ya 1794 haijamwacha mwanamke wa Kifaransa apoteze jina lake la kuzaliwa. La mume analitumia akipenda, kwa mazoea, lakini kwenye cheti haliingii kamwe. Nyumbani nilikuwa nimesikia mara nyingi kwamba mwanamke wa Kizungu akiolewa anafutwa jina, tofauti na wetu. Kwa Ufaransa, kisheria, hapana. Bibi zangu na bibi zake mke wangu walikuwa sawa.

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, anapita milangoni kwa kuinama. Ni Le Bihan. Utani huo ameusikia tangu shule na hacheki tena. Nami niliwahi kumpelekea kifurushi bibi mmoja wa Brest aliyeitwa Lenoir, Mweusi, mzee mwenye nywele nyeupe pe na macho ya buluu. Alinitazama juu hadi chini, akatia saini, akasema: kwa karatasi, bwana, mweusi hapa ni mimi. Majina ya rangi kama Lenoir, Lebrun, Moreau na Roux yalihusu nywele au ngozi iliyokolea kidogo kuliko ya jirani. Chochote zaidi ya hapo unakiongeza wewe.

Si kila jina lilitoka mdomoni mwa majirani. Kuna waliopewa na wasiowajua. Watoto walioachwa milangoni pa makanisa waliandikwa kwa jina la mtakatifu wa siku, la mtaa, la chochote kilichokuwa mbele ya macho. Mwaka 1717 mtoto mchanga aliokotwa kwenye ngazi za kanisa la Saint-Jean-le-Rond, Paris, akabatizwa Jean Le Rond. Ndiye d'Alembert, mwanahisabati, na hilo d'Alembert alijipa baadaye. Yeye alibahatika. Wengi walibaki na walichopewa.

Kuna na hili linalotugusa sisi wa pwani moja kwa moja. Kwenye bohari la Brest nilifanya kazi na dada mmoja wa Réunion, kisiwa cha Ufaransa huko Bahari ya Hindi. Mwaka 1776 Mfaransa aliyeitwa Morice aliandikiana na sultani wa Kilwa mkataba wa kuuziwa watumwa 1,000 kila mwaka, wapelekwe kwenye visiwa vya Wafaransa vya Bahari ya Hindi. Utumwa ulipofutwa Réunion, tarehe 20 Desemba 1848, watu zaidi ya 60,000 walikuwa huru na hawana jina la ukoo, kwa sababu mtumwa aliandikwa kwa jina moja tu. Makarani wakafungua madaftari maalumu wakaanza kugawa. Waligawa majina ya Warumi wa kale, ya mimea, majina ya watu yaliyogeuzwa herufi, mengine ya kejeli. Mtu wa familia ya huyo dada alipewa jina ambalo ni la ubatizo tu, basi. Alinihadithia haya tukiwa tunapakia, kwa sauti ya kawaida kabisa, akiendelea kuskani. Baba mkwe akikwama mwaka 1660 hulalamika kwamba kitabu kimeliwa na panya. Dada yule ngazi yake inakatika 1848, na juu yake kuna umri uliokisiwa na neno moja la asili: Mozambique, ambalo waliwabandika watu wa pwani yote, wa Kilwa wakiwemo.

Na Mayotte ni jana tu. Ni kisiwa cha Komoro kilichobaki chini ya Ufaransa, na lugha yao Kishimaore ni binamu wa Kiswahili. Mimi na rafiki yangu wa huko tukizungumza polepole tunaelewana robo tatu. Walikuwa wanaitana kama sisi, fulani wa fulani. Tarehe 8 Machi 2000 ikatoka amri ya serikali kwamba kila mmoja awe na jina la ukoo litakaloshuka kwa watoto, na ikaundwa tume ya kurekebisha vyeti. Watu wakapanga foleni na karatasi zao. Rafiki yangu alichagua jina la baba yake. Kaka yake, tumbo moja, aliyepeleka maombi mwaka mwingine, akachukua la babu. Leo ndugu hao wawili wakienda uwanja wa ndege pamoja, afisa anawauliza wanahusianaje.

Kwa hiyo mke wangu alipojifungua, nilikwenda ofisi ya meya nikiwa nimejiandaa. Sheria inatoa siku tano za kuandikisha mtoto. Tangu 1 Januari 2005 wazazi wanaweza kumpa mtoto jina la baba, la mama, au yote mawili kwa mpangilio wanaoutaka. Wasipokubaliana, yanawekwa yote kwa alfabeti. Na tangu Julai 2022 mtu mzima anaweza kulibadilisha kwa kuchukua la mzazi mwingine, kwa fomu tu, bila kesi. Zamani ilikuwa lazima uthibitishe sababu ya maana, na walioomba wengi walikuwa na majina kama Cocu, yaani mume aliyesalitiwa, ambalo kwa kweli sababu yake haihitaji kuelezwa.

Mimi na mke wangu tuliafikiana yote mawili, langu likitangulia. Lakini nilikuwa na langu moyoni: kwa mpangilio huo mtoto atamjua Makame na mimi baba yake nitatoweka katikati. Wafaransa wanaruhusu majina ya mtu kuwa matatu manne, hakuna anayeyatumia, yanakaa tu kwenye cheti. Basi nikaandika Maryam, halafu Hamisi, halafu Juma. Mama wa dirishani akaniuliza kama Hamisi ni jina la kike. Nikamwambia ni jina la baba. Akatazama fomu, akanitazama mimi, akagonga kitufe.

Jioni nikampigia simu shangazi Nungwi, binti wa Makame mwenyewe, nikamsomea cheti chote. Nilipofika kwenye Le Bihan akataka kujua ni nini hicho. Nikamwambia ni mdogo.

"Makame Mdogo," akasema. "Na ni mtoto wa kike?"

Alicheka mpaka simu ikaanguka, nikabaki nasikia kuku. Alipoirudisha sikioni akauliza huyo mwingine akija ataitwaje. Nikamweleza kwamba sheria haina nafasi ya pili: jina la ukoo la mtoto wa kwanza ndilo la wote watakaofuata kwa baba na mama walewale, kwa mpangilio uleule. Akasema vizuri, basi safari ijayo tulete wa kiume, jina limekwisha kulipiwa.